Kufuga Mnyama Darasani: Mwongozo wa Mwalimu Kabla ya Kusema Ndiyo

Kabla ya kutafuta mnyama, tafuta kalenda ya shule. Katika nchi nyingi wanafunzi huhudhuria masomo kati ya siku 180 na 200 kwa mwaka. Tuseme ni siku 190, na kila siku wakae shuleni saa saba. Hizo ni saa 1,330 kati ya saa 8,760 za mwaka mzima, yaani takribani saa 15 katika kila saa 100. Saa 85 zinazobaki mnyama yuko peke yake katika chumba kilichofungwa, au yuko kwa mtu fulani. Mtu huyo ni nani?

Nimefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi, nimefuga wanyama darasani vizuri na nimewafuga vibaya. Watoto waliwapenda wote sawasawa. Kilichotofautisha ni zile saa 85.

Mara ya kwanza walikuwa simbilisi wawili (guinea pig kwa Kiingereza). Tulipofunga shule, mtu mmoja aliahidi kuwalisha kila siku. Siku ya tatu aliugua, na hakuwa na namba ya mtu mwingine wa kumpigia. Simbilisi ni mnyama ambaye utumbo wake lazima uwe na nyasi muda wote. Akikosa chakula siku nzima tu, tumbo linaweza kusimama na akafa. Tuliporudi mmoja alikuwa ameshakufa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na ahadi ya mtu mmoja, nikaihesabu kuwa mpango.

Mwongozo huu naufuata kwa mpangilio ulivyo. Ukikwama kwenye hatua yoyote, simama hapo hapo, usiruke kwenda mbele kwa sababu watoto wameshachagua jina.

Hatua ya 1: Mpate mwenye mnyama

Darasa haliwezi kumiliki mnyama. Darasa hubadilika kila mwaka, mwalimu huhamishwa, mkuu wa shule hustaafu. Mwenye mnyama lazima awe mtu mzima mmoja, mwenye jina, aliye tayari kuishi naye nyumbani kwake mpaka mwisho wa maisha yake, hata kama shule itabadili mawazo wiki ijayo.

Fikiria urefu wa maisha hayo. Hamsta huishi miaka miwili hadi mitatu. Simbilisi, mitano hadi minane. Sungura akitunzwa vizuri hufika minane hadi kumi na miwili, kwa hiyo mtoto anayemlisha akiwa darasa la kwanza anaweza kumaliza shule ya msingi na kumwacha sungura bado yuko pale pale kwenye kona. Samaki wa dhahabu hupita miaka kumi. Kasuku wakubwa huishi makumi ya miaka, na kobe wa nchi kavu anaweza kumzidi umri mwalimu aliyemleta.

Andika ukurasa mmoja wenye mambo manne: jina la mwenye mnyama, jina la atakayeshika nafasi yake akiugua au akisafiri, nani atalipa daktari wa mifugo, na mnyama atakwenda wapi akiondoka darasani. Wote waliotajwa watie saini. Kama hakuna anayetaka kutia saini, jibu la swali lako limeshapatikana nalo ni hapana. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho. Kuna mengi mazuri huko.

Hatua ya 2: Andika somo lenyewe

Jaza sentensi hii: "Nataka mnyama huyu ili watoto wajifunze..." Kisha ujiulize kama jambo hilo linahitaji mnyama wa kudumu.

Ukiandika "hatua za ukuaji", unahitaji mdudu ambaye maisha yake yote yanaingia ndani ya muhula mmoja. Sungura mzima hatakuonyesha hatua yoyote. Ukiandika "jinsi viumbe wanavyotegemeana", nyungunyungu kwenye pipa la mbolea watafundisha vizuri kuliko hamsta.

Ukiandika "kuwajibika", na wengi wetu ndivyo tunavyoandika, piga hesabu tena. Darasa la watoto thelathini na mnyama mmoja maana yake kila mtoto hupata zamu mara moja katika wiki sita za masomo. Hapo anajifunza kusubiri zaidi kuliko kutunza. Uwajibikaji unawezekana, lakini kwa kazi za kila siku zinazogawanywa kwa watoto kadhaa na kuandikwa, na hilo tutalifikia.

Ukiandika "kuwatuliza watoto wenye hofu au wasiopenda kusema", una hoja ya kweli. Mwaka 1962 mwanasaikolojia wa Marekani Boris Levinson alichapisha makala kuhusu mbwa aitwaye Jingles, aliyemsaidia kufungua mazungumzo na mtoto aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Lakini angalia jambo moja: Jingles alikuwa mbwa wa Levinson mwenyewe. Hakuachwa ofisini usiku. Faida ya namna hiyo hupatikana kwa mnyama mwenye kwake, anayekuja shuleni kwa saa moja na kuondoka na mtu wake.

Hatua ya 3: Waulize watu wote wanaoingia chumba hicho

Peleka barua kwa wazazi kabla watoto hawajasikia lolote. Watoto wakishajua, mzazi mwenye pingamizi anageuka adui wa darasa zima, na mtoto wake ndiye atakayelaumiwa.

Uliza mambo haya kwa uwazi: mzio, pumu, ukurutu, kinga dhaifu ya mwili (kwa mfano mtoto anayepata matibabu ya saratani, au aliyewekewa kiungo), hofu kali ya wanyama, na pingamizi la imani. Familia nyingi za Kiislamu huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na mtoto aliyelambwa atalazimika kujitwaharisha kabla ya kuswali. Asiwekwe katika hali ya kuchagua kati ya dini yake na wenzake. Uliza pia kama nyumbani kuna mama mjamzito au mtoto mchanga. Sababu utaiona kwenye hatua ya usafi.

Usimsahau mfanyakazi wa usafi. Yeye ndiye atakayefagia maranda yaliyomwagika na kuvuta hewa ile asubuhi kabla hujafika. Nimeona mipango mizuri ikivunjika kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama ana pumu.

Kwa wanyama wenye manyoya, mtoto mmoja mwenye pumu kali anatosha kuahirisha jambo zima. Wala kumpeleka chumba cha pili hakusaidii sana. Vizio vya wanyama, yaani chembe zinazoleta mzio, hushika kwenye nguo na kusafiri. Vya paka vimekutwa hata katika madarasa ambayo hakuna paka aliyewahi kukanyaga, vimeletwa kwenye sweta za watoto wanaofuga paka nyumbani.

Hatua ya 4: Ruhusa

Hapa ni fupi. Pata kibali cha mkuu wa shule kwa maandishi, na uulize kama bima ya shule inagusa suala la kung'atwa. Uliza sheria za eneo lako kuhusu spishi unayoitaka, kwa sababu baadhi ya konokono, vyura, kobe na wadudu hairuhusiwi kuwafuga au kuwahamisha bila leseni. Mnyama wa porini asiletwe kabisa kuishi darasani, hata akiwa amejeruhiwa na mtoto anamlilia.

Usishangae ukikuta miongozo inayokukataza. Shirika la RSPCA la Uingereza, ambalo kazi yake ni ustawi wa wanyama, halishauri shule kufuga wanyama. Uswisi tangu mwaka 2008 sheria inataka wanyama wa kijamii kama simbilisi wasifugwe mmoja mmoja. Hao hawachukii watoto, wamehesabu saa zilezile 85.

Hatua ya 5: Chagua mnyama anayelingana na kalenda

Hapa ndipo walimu wengi huanzia, na ndiyo maana mambo huharibika. Sasa kwa kuwa una mtu, somo na ruhusa, orodha yako itakuwa fupi kuliko ulivyodhani.

Kwanza, wale ninaowakataa. Kobe wa maji, mijusi, nyoka na vyura hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote, na kuwaosha hakuwaondolei. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi nne, kama sentimita kumi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiwaguse wanyama hawa kabisa, wala vifaranga wa kuku na bata. Kasuku wanaweza kubeba ugonjwa wa mapafu unaoambukiza binadamu, tena upweke huwafanya wajinyonyoe manyoya.

Hamsta simpendekezi kwa sababu tofauti kabisa: ni mnyama wa usiku. Mchana analala. Darasa linamwamsha ili limwone, naye anang'ata, kisha anaitwa mkali. Wale wakubwa wa asili ya Syria lazima pia wakae mmoja mmoja, la sivyo watapigana hadi kuuana. Somo la hamsta darasani ni kutazama rundo la maranda lenye kitu kinachopumua ndani yake.

Sungura na simbilisi ni wagumu kuliko wanavyoonekana. Simbilisi ni mnyama mpole wa mchana, na kati ya wenye manyoya ndiye ningemruhusu, kwa masharti. Wawe wawili wa jinsia moja waliothibitishwa na daktari, kwa sababu jike huweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa. Wapate eneo la sakafu lisilopungua mita za mraba 0.7, nyasi kavu bila kikomo, na chakula chenye vitamini C kila siku, maana mwili wao, kama wetu, hauwezi kuitengeneza. Na wawe na makao ya kudumu kwa mwenye mnyama kila wikiendi. Sungura mtoe kwenye orodha: hapendi kubebwa, akiogopa hupiga teke kwa nguvu kiasi cha kujivunja uti wa mgongo, na joto humzidi haraka.

Samaki wanafaa kuliko watu wanavyofikiri, na hufa wengi kuliko inavyopaswa. Faida yao kubwa ni kwamba samaki mzima mwenye afya hadhuriki na siku mbili bila chakula, kwa hiyo wikiendi si tatizo. Bakuli la kioo usilitumie. Weka tangi la lita 60 au zaidi lenye chujio, na kumbuka kwamba lita 60 za maji ni kilo 60 kabla hujaongeza kioo na kokoto. Rafu ya vitabu haitalibeba. Samaki wa dhahabu hukua na kuchafua maji sana, chagua wadogo zaidi. Na wakati wa likizo ndefu hakikisha fundi au mlinzi hazimi swichi kuu ya umeme, kwa sababu chujio likisimama bakteria wanaosafisha maji hufa, na samaki hufuata.

Sasa nifike kwa wale ninaowapenda, na nitakaa hapa kidogo.

Kiwavi wa hariri ni kama ameumbwa kwa ajili ya muhula wa shule. Yai linaanguliwa, kiwavi anakula na kujivua ngozi mara nne kwa muda wa wiki nne hadi tano, kisha anajifumia kifuko kwa uzi mmoja wenye urefu wa mamia ya mita. Baada ya wiki mbili hadi tatu anatoka nondo mweupe asiyekula, asiyeweza kuruka, anayetaga mayai na kufa katika siku chache. Amefugwa na binadamu kwa maelfu ya miaka hadi hawezi tena kuishi porini, kwa hiyo hata akitoroka hataharibu mazingira. Ana sharti moja zito: hula majani ya mforosadi, mabichi, kila siku. Usiagize mayai kabla hujauona mti kwa macho yako na kuomba ruhusa ya mwenye mti. Na kwa kuwa hula hata Jumamosi, sanduku lake, ambalo ni jepesi kama la viatu, huondoka nawe Ijumaa mchana. Mwaka wa kwanza nilipowafuga, darasa zima lilinyamaza ili lisikie sauti ya viwavi wakitafuna. Ni kama mvua nyepesi juu ya majani.

Kama huna mforosadi, mfuge mbawakawa wa unga. Ndiye yule mdudu ambaye kiwavi wake mrefu wa rangi ya manjano huuzwa kuwa chakula cha ndege. Chombo cha plastiki chenye pumba, kipande cha karoti kwa ajili ya maji, basi. Watoto wataona yai, kiwavi, bundo (mdudu akiwa ametulia kabla ya kugeuka mzima) na mbawakawa kwa miezi michache, na chombo kinaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Wengine watasema si mnyama wa kupendeza. Wape watoto kioo cha kukuza, uwasikilize.

Wadudu-vijiti, wale wanaojifanya tawi kavu, ni wazuri pia na huishi takribani mwaka. Ila fahamu kwamba aina inayofugwa zaidi madarasani ni majike watupu wanaotaga bila dume, na mayai yao huanguka chini kama mbegu. Ukiyamwaga pamoja na takataka umewapeleka ugenini. Yagandishe kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuyatupa.

Kuhusu kuangua vifaranga: watu huniuliza sana. Mayai ya kuku huchukua siku 21, wiki tatu kamili, hivyo yakiingia kwenye mashine Jumanne yataanguliwa karibu na Jumanne, na yakiingia Jumamosi yataanguliwa mkiwa nyumbani. Lazima yageuzwe mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, hata Jumapili. Lakini swali langu ni jingine. Nusu yao watakuwa majogoo. Uliza leo wanakwenda wapi, na uombe jibu lenye jina la mtu.

Hatua ya 6: Fuga kizimba kitupu kwa mwezi mmoja

Hatua hii niliianza baada ya simbilisi wangu, na imenisaidia kuliko kitabu chochote. Leta kizimba, sanduku au tangi, kikiwa na kila kitu isipokuwa mnyama. Kisha mtunze mnyama huyo asiyekuwepo kwa mwezi mzima, wikiendi zote zikiwemo.

Watoto wa zamu wabadilishe maji kila asubuhi. Wapime chakula, wakimwage jioni kwenye mbolea. Wafagie. Waandike kwenye daftari: tarehe, saa, nani, nini kimefanyika, joto la chumba. Jumamosi na Jumapili mwenye mnyama afanye vivyo hivyo nyumbani kwake, na akupigie picha ya daftari.

Daftari hilo litasema ukweli. Wiki ya kwanza kila mtu anagombea zamu. Wiki ya pili zinaonekana nafasi tupu siku za michezo. Wiki ya tatu utagundua kwamba mwenye ufunguo wa darasa hayupo kabla ya saa moja na nusu asubuhi, au kwamba kipimajoto cha Jumapili mchana, madirisha yakiwa yamefungwa, kinasoma nyuzi 34. Kwa simbilisi joto hilo linaua. Mambo yote haya umeyajua bila kiumbe hata mmoja kuumia.

Kanuni yangu ni hii: daftari likikosa siku tatu au zaidi katika mwezi, mnyama haji. Tunarudia mwezi mwingine au tunachagua mdudu anayevumilia.

Kwa samaki, mwezi huu ni wa lazima hata bila mimi kusema. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa mradi sehemu ya maji ibadilishwe mara kwa mara. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga ndani ya chujio jipya. Tangi huendeshwa tupu, ukiweka chembe za chakula zioze ndani yake, na watoto wakubwa hupima maji kwa vipimo vya rangi na kuchora grafu. Samaki huingia pale amonia na nitriti zikisoma sifuri. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza kwa dawa yake. Samaki wengi wa madarasani wanaokufa katika mwezi wa kwanza hawana ugonjwa wowote. Walitiwa kwenye tangi ambalo halijawa tayari.

Hatua ya 7: Mahali pa kuweka

Mbali na dirisha linalopigwa na jua, mbali na mlango, mbali na spika na kengele. Juu kiasi cha macho ya mtoto aliyeketi, ili asiinamiwe kutoka juu kama anavyoinamiwa na mwewe. Ndani kuwe na pango au kibanda cha kujificha, na sheria isiyo na mjadala: aliyejificha haondolewi.

Jua tarehe za kupuliza dawa ya wadudu shuleni. Dawa hiyo huua viwavi na mbawakawa, na ikiingia kwenye maji huua samaki. Omba taarifa iandikwe na ibandikwe kwenye kizimba chenyewe, maana mpuliziaji hatakukuta.

Hatua ya 8: Usafi wa mikono na kila kitu kingine

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, baada ya kugusa mnyama, chakula chake, au kizimba. Dawa ya kupaka mikononi haitoshi mikono ikiwa na uchafu. Kula na kunywa kusifanyike karibu na kizimba. Vyombo vya mnyama visioshewe kwenye sinki la chakula. Hakuna kumbusu mnyama, na kwa watoto wadogo hili lisemwe kila wiki.

Panya, hamsta na jamii yao wanaweza kubeba virusi vinavyodhuru mimba, ndiyo maana tuliuliza kuhusu wajawazito. Mwalimu au mfanyakazi mjamzito asiguse maranda yao wala kufagia kinyesi chao. Simbilisi na sungura wanaweza kuambukiza choa, wengine huita mashilingi. Mtoto akionyesha duara la magamba kwenye ngozi, mzazi aambiwe siku hiyo hiyo na mnyama apelekwe kwa daktari.

Mnyama akimng'ata mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, mzazi apigiwe simu, na mtoto apelekwe kituo cha afya. Mtoto asikaripiwe na mnyama asiadhibiwe.

Jambo moja dogo linaloua samaki wengi: mikono mingi ya wema. Kila mtoto anatupia chembe mbili, na mwisho wa siku chakula kinaoza tangini. Gawa chakula cha wiki kwenye vifuko vitano vilivyoandikwa siku, na mkebe mkubwa wa chakula ufungiwe kabatini.

Hatua ya 9: Likizo

Kumzungusha mnyama nyumba kwa nyumba, kila wikiendi kwa mtoto mwingine, ni jambo ninalolipinga kwa moyo wote ingawa najua watoto hulipenda. Kila nyumba ina mbwa wake, moshi wake, kaka mdogo wake na wazo lake kuhusu chakula cha simbilisi. Mnyama anahitaji makao mawili tu, darasa na nyumba moja, na watu walewale.

Wiki mbili kabla ya kufunga shule, fanya makabidhiano ya majaribio ya siku mbili. Siku ya kufunga, kiondoke kizimba, chakula cha muda wote wa likizo na wiki moja ya ziada, namba ya daktari, namba yako, na namba ya mtu wa pili ambaye amekubali. Narudia mtu wa pili kwa sababu ndiye niliyemkosa.

Hatua ya 10: Ugonjwa na kifo

Mjue daktari wa mifugo kabla ya kumhitaji, na umuulize kama anatibu wanyama wadogo. Wengine huzoea ng'ombe na mbuzi. Simbilisi asiyekula asubuhi ni mgonjwa wa siku hiyo, si wa kesho.

Mnyama akifa, usinunue mwingine anayefanana naye kabla watoto hawajaingia. Watatambua, na watajua kwamba unadanganya katika jambo zito. Waambie "amekufa". Usiseme "amelala", kwa sababu watoto wadogo wataogopa kulala wenyewe. Waache waulize maswali yale yale siku tatu mfululizo. Kama chanzo ni kosa letu, sema hivyo pia. Niliwaambia watoto wangu kwamba sikupanga vizuri, na mmoja akaniuliza aliyebaki atafanyaje peke yake. Alipata nyumba yenye simbilisi wengine jioni ile.

Kama mnyama tayari yumo darasani

Labda umerithi kizimba kutoka kwa mwalimu aliyehama. Anza na ukurasa wenye saini wa hatua ya kwanza leo. Usipompata mwenye mnyama ndani ya wiki mbili, mtafutie nyumba ya kudumu na uwaeleze watoto sababu. Asiachiwe porini kwa hali yoyote, wala samaki asimwagwe mtoni: wengi hufa, na wachache wanaopona huvamia makazi ya viumbe wa pale.

Wasiohitaji kizimba

Sahani ya maji na nafaka nje ya dirisha italeta ndege watakaohesabiwa, kuchorwa na kupewa majina, nao jioni watarudi kwao wenyewe. Chupa ya kioo iliyojaa tabaka za udongo na mchanga, yenye nyungunyungu watano, ikifunikwa kwa karatasi nyeusi kwa wiki mbili, itaonyesha tabaka zikichanganyika bila mkono wa mtu. Kisha warudishwe bustanini. Mbwa aliyezoezwa, aliyechanjwa, anaweza kuja na mwenyewe kusikiliza watoto wakisoma kwa sauti, nusu saa, kwa wale ambao wazazi wao wameridhia.

Na kuna mgeni wa siku moja. Asubuhi watoto wanamchukua konokono mdogo, au kiwavi pamoja na tawi alilokutwa juu yake, wanamweka kwenye chombo chenye matundu. Wanaweka kijiti chenye kitambaa pale walipomtoa. Siku nzima wanamtazama, wanampima, wanaandika. Dakika kumi kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, wanaosha mikono baada ya kumrudisha palepale penye kijiti.